Makofi ya Steve Reich

Asanteni. Kabla sijasema lolote, naomba upande wa dirishani mpige makofi nami, polepole: pa pa pa, kimya, pa pa, kimya, pa, kimya, pa pa, kimya. Tena. Vizuri. Hapo mna mapigo 12, manane ya makofi na manne ya kimya. Upande wa mlangoni ingieni, pigeni sawasawa na wenzenu. Nikiinua mkono, wa mlangoni mtaanzia kofi la pili, lile la kwanza mtalisukuma mwisho. Wa dirishani msibadili kitu. Haya!

Naam. Mizunguko miwili tu, wa mlangoni mmeshavutwa na wa dirishani, na mzee wangu hapa mbele ameamua kushangilia tu. Msione haya, hata wanaolipwa kwa kazi hii hupotea.

Mlichojaribu ni mwanzo wa Clapping Music, utunzi wa mwaka 1972 wa Mmarekani Steve Reich. Wapigaji ni wawili, ala hakuna. Mmoja habadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Mwenzake anarudia mara 12, anaruka pigo moja, anarudia tena, anaruka tena, mpaka baada ya miruko 12 wanajikuta pamoja kama walivyoanza. Kundi la Reich lilikuwa likizunguka na shehena ya vipaza sauti na ala za umeme, akatamani utunzi ambao mtu anaweza kusafiri nao mikono mitupu.

Alizaliwa New York tarehe 3 Oktoba 1936. Wazazi waliachana yeye angali mchanga. Baba, wakili, alibaki New York. Mama, mwimbaji na mtunga maneno ya nyimbo, akahamia California. Mtoto akawa anapelekwa huku na huku kwa treni, safari ya siku kadhaa, yeye na yaya wake. Treni hizo ziwekeni kiporo.

Alisoma falsafa Chuo Kikuu cha Cornell, kisha muziki katika vyuo vya Juilliard na Mills. Alipomaliza hakutafuta kiti cha ualimu. Aliendesha teksi San Francisco, na baadaye New York yeye na mtunzi mwenzake Philip Glass walibeba samani za watu wanaohama nyumba. Mwaka 1966 akaanzisha kundi lake, na mwenyewe akawa mmoja wa wapigaji. Nalitilia mkazo hili, kwa sababu wakati ule mtunzi wa muziki wa kisomi aliandika karatasi akawakabidhi wengine. Reich alitunga vitu ambavyo mikono yake iliviweza.

Mwaka 1964 alimrekodi mhubiri wa barabarani pale Union Square, San Francisco, akihubiri gharika ya Nuhu. Alikata kipande kifupi, maneno ya kwamba mvua itanyesha, akakiweka kwenye vinasa sauti viwili. Mashine zilikuwa za bei rahisi, kasi hazikulingana. Sauti moja ikaanza kuiacha nyingine taratibu, na katikati yao yakazuka mapigo ya sauti ambayo hakuna aliyeyatamka. Mwingine angeipeleka mashine kwa fundi. Yeye alikaa akasikiliza, kikatoka It's Gonna Rain, 1965. Miaka miwili baadaye akawapa wapiga piano wawili kazi ile ya mashine: mmoja ashikilie mwendo, mwingine aongeze kasi kidogo kidogo. Ndiyo Piano Phase.

Sasa Ghana, na hapa nitakaa kidogo. Kiangazi cha 1970 Reich alikwenda Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kujifunza kwa Gideon Alorwoyie, fundi wa ngoma za Waewe, watu wa Ghana na Togo. Kila siku somo, anarekodi, kisha anairudisha tepu na kuandika alichopigiwa. Alinuia kukaa zaidi, malaria ikamrudisha kwao baada ya wiki tano hivi.

Alikuta nini? Kengele ya chuma, gankogui, inayoshika mdundo mmoja bila kuyumba, na kila ngoma inaingia mahali pake. "Moja" yako, yaani pigo unaloanzia kuhesabu, si "moja" ya mwenzako. Aliyewahi kushika chapuo ngomani analijua hili bila kuandikiwa. Aliporudi alitunga Drumming, 1971: bongo (ngoma ndogo pacha), marimba (za kugonga kwa vijiti, si hizi za vidole za Wagogo), glokenspieli (vibao vya chuma vya kugonga) na sauti za watu. Unaanza na pigo moja tu ndani ya mapigo 12, mengine kimya. Kimya kimoja kinajazwa, kisha kingine, mpaka mdundo umesimama mzima. Na mdundo huo mmoja unabeba kazi yote, mara nyingi zaidi ya saa nzima.

Na treni? Mwaka 1988 alitunga Different Trains kwa ajili ya Kronos Quartet, kundi la wapiga ala za nyuzi wanne. Alijiuliza: mimi Myahudi nilikuwa nikipanda treni Marekani miaka ile ya vita, ningezaliwa Ulaya, ningepanda treni gani? Akarekodi sauti ya yaya wake aliyezeeka, ya mtumishi mstaafu wa treni zilezile, akatafuta na kanda za Wayahudi walionusurika kambi za Wanazi. Fidla, viola na selo zinafuata tuni ya maneno yao: mtu akipandisha sauti, uzi unapanda naye.

Nimeletewa karatasi yenye swali: "Aliiba muziki wa Ghana?" Mbinu ya kupishana aliipata kwenye tepu miaka mitano kabla ya Legon, hilo halina ubishi. Alisema safari ile ilimthibitishia alichokuwa nacho tayari, na kwamba hakutaka kuiga sauti ya ngoma za watu bali kujifunza zinavyojengwa. Namwamini kwa yote mawili. Tatizo langu liko kwingine. Alorwoyie naye alihamia Marekani, akawa profesa Chuo Kikuu cha North Texas, akifundisha ngoma kwa miaka mingi. Fungueni vitabu vya historia ya muziki wa karne ya 20 mhesabu: Reich ana kurasa, mwalimu wake ana mstari, na mara nyingine mstari wenyewe unasema tu "mpiga ngoma mmoja wa Ghana".

Haya, wa mlangoni, turudie. Safari hii msiwatazame wa dirishani.