Intaneti Siyo Google: Soma Anwani Kabla Hujabonyeza

Haya, tuanze, maana umeme wa hapa Busia nao una ratiba yake. Mlioko nyuma sogeeni, viti viko huku mbele. Mama, usizime simu. Leo simu ndiyo daftari.

Nimeombwa nifundishe mambo manne: kompyuta, intaneti, wavuti na usalama. Nawaambia mapema kwamba tutakwama kwenye la tatu, kwa sababu pale ndipo watu wanapoibiwa kila siku na bado hawataki kusoma mstari mmoja wa maandishi.

Kompyuta, upesi upesi. Simu iliyo mkononi mwako ni kompyuta, hata kabiriti, ile simu ndogo ya vitufe. Mtazameni muuza rolex, ile chapati ya mayai, pale stendi. Yeye mwenyewe ndiye prosesa. Mikono yake ndiyo inayofanya kazi. Kibao anachosukumia chapati na kikaango kilicho motoni ndiyo RAM, kumbukumbu ya muda: hapo pana kile tu kinachotengenezwa sasa hivi. Trei za mayai na mfuko wa unga chini ya meza ndiyo hifadhi. Sasa simu yako inaganda, unakimbilia dukani kununua memori kadi ya GB 64. Umemletea trei za mayai, kibao ni kilekile kidogo, foleni ya wateja ni ileile. Hifadhi ikiwa imejaa hadi pomoni, ndiyo, kufuta video za harusi za watu kutasaidia. Vinginevyo funga programu usizozitumia, au siku ya kununua simu uulize RAM ni GB ngapi, usiulize picha tu. Na umeme wa kompyuta ukikatika, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda. Barua ya kurasa tatu ambayo hukuihifadhi kwa kubonyeza Ctrl na S haimo popote, usimlaumu mwenye kafe.

Intaneti. Kila mtu akisikia neno hili anatazama juu, kwenye mnara. Mnara ni hatua ya mwisho tu. Intaneti ni mitandao mingi, mikubwa na midogo, iliyokubaliana kupelekeana data kwa kanuni moja, TCP/IP, iliyoanza rasmi tarehe 1 Januari 1983. Data haisafiri nzima. Picha unayomtumia shangazi hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kimoja kwa kawaida hakizidi baiti 1,500, kikiwa na namba ya kinakotoka na ya kinakokwenda. Vikifika vinapangwa upya, na kilichopotea njiani kinaombwa tena. Ndiyo maana mtandao ukiwa mbovu picha haifiki na tobo katikati. Inachelewa tu, na ile duara inazunguka.

Uganda haina pwani. Pakiti nyingi zinazokwenda ng'ambo hupita kwenye nyaya za kioo hadi Mombasa, na nyaya hizo huvuka mpaka hapa Busia na pale Malaba. Mnazikanyaga mkienda sokoni. Mombasa zinaingia baharini: nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu, na kwenda na kurudi kulikula karibu nusu sekunde kwa kila ombi. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini, kaskazini ya Durban, na intaneti ikawa nzito Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja. Kuzima simu na kuiwasha hakukusaidia kitu. Ugonjwa haukuwa kwenye simu.

Najua kuna mzee hapa atauliza: mbona intaneti ikikatika, *165# ya mobile money bado inafanya kazi? Kwa sababu hiyo siyo intaneti, mzee wangu. Ile inapita kwenye mfereji wa ndani wa kampuni ya simu, haihitaji bando, na ndiyo maana kabiriti inatuma hela bila kujua intaneti ni mnyama gani.

Sasa wavuti. Wavuti ni huduma moja tu inayopanda juu ya intaneti. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, maabara ya fizikia kule Uswisi. Barua pepe ilikwisha kuwapo tangu 1971. Wavuti ni kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ukizifungua kwa programu iitwayo kivinjari, au brauza: Chrome, Firefox, Opera. WhatsApp haimo ndani ya wavuti; ni huduma nyingine inayopita barabara hiyohiyo.

Mtasema huyu anachambua maneno ya shule. Mnaikumbuka OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii? Julai 2018, shilingi 200 kwa siku. Hukulipa, WhatsApp na Facebook zinagoma, lakini tovuti ya gazeti inafunguka kama kawaida. Lingekuwa jambo moja, lingegoma lote. Kampuni ya simu ilikuwa inasoma pakiti inakwenda kwa nani, basi. Watu wakakimbilia VPN, ambayo hufungia pakiti zako ndani ya pakiti nyingine zinazoelekea kompyuta moja ya kando, yaani seva, kampuni ikaona safari ya kwenda huko tu. Ila mwenye seva hiyo ya kando sasa ndiye anayeona unakokwenda, na hamkumuuliza jina lake.

Na Google? Google ni kampuni yenye injini ya kutafutia. Chrome ni kivinjari chake. Kuna watu wanafungua Chrome, wanaandika "google", wanabonyeza Google, halafu ndani ya Google wanaandika anwani kamili ambayo wangeweza kuiandika pale juu tangu mwanzo. Ni kama kumjua rafiki yako anakaa nyumba gani na bado unasimama stendi kumuuliza dalali. Dalali atakupeleka, lakini kwanza atakupitisha kwa waliomlipa. Matokeo ya juu kabisa yenye alama ya tangazo yamelipiwa, na tapeli naye ana hela ya tangazo.

Hapa sasa tunakaa. Nipeni chaki.

https://www.ura.go.ug/kodi

Neno la mwisho, kodi, nimeliweka kwa mfano tu. Hii "https://" mwanzoni ni namna ya kusafirisha, iruke. Baada yake tafuta mkwaju wa kwanza, ule mstari ulioinama. Weka kidole hapo. Vyote vilivyo kulia kwa kidole ni kurasa za ndani. Mwenye tovuti anaandika anachotaka, visikushughulishe. Kutoka kwenye kidole soma kurudi nyuma, kulia kwenda kushoto, nukta kwa nukta. ug: Uganda. go: serikali. ura: mamlaka ya kodi. Umemaliza, umemjua mwenye nyumba.

Kwa nini kurudi nyuma? Kwa sababu mamlaka inatoka kulia. Mwenye sehemu ya kulia ndiye anayegawa majina ya kushoto, bila kuomba ruhusa ya mtu. Tazameni hii, nimeitunga sasa hivi:

https://ura.go.ug.kodi-rahisi.com/tin

Mmeona ura.go.ug mwanzoni, mioyo ikatulia. Kidole kwenye mkwaju wa kwanza. Rudi nyuma: com, kodi-rahisi. Simama! Mwenye nyumba ni kodi-rahisi.com, mtu yeyote duniani aliyelipa ada ndogo ya mwaka. Hayo ya kushoto ni kibao alichobandika mpangishaji mlangoni pa chumba cha uani. Aandike "Benki Kuu" akitaka, nyumba bado ni yake. Ukurasa utakuwa na nembo sawasawa na rangi sawasawa, kwa kuwa kunakili ukurasa wa wavuti ni kazi ya dakika chache. Utajaza jina, namba ya kitambulisho, na "ada" ya TIN, namba ya mlipa kodi, kwa mobile money. TIN yenyewe haiuzwi.

"Lakini ilikuwa na kufuli!" Sentensi hii sitaki kuisikia tena. Kufuli, au hiyo "s" ya https, maana yake ni kwamba kati yako na seva hakuna wa njiani anayesoma mnachoandikiana. Bahasha imefungwa. Haisemi aliyeipokea ni mwaminifu. Cheti cha kufuli hupatikana bure, na tapeli hukipata kwa dakika kama mtu mwingine yeyote. Umemwandikia mwizi barua ya siri, na siri imefika salama.

Kistari nacho. Nukta hutenga, kistari hakitengi kitu. ura-go-ug.com ni jina moja refu chini ya com. Ukiona go na ug zimeshikamana kwa kistari, fungasha uondoke. Mwisho wa go.ug ni wa taasisi za serikali, ac.ug vyuo, sc.ug shule. co.ug ni ya biashara, na biashara ya kweli na ya uongo zote zinaweza kuisajili, kwa hiyo hiyo peke yake haikuhakikishii lolote.

Simu huficha anwani ili kubana nafasi. Gusa ule mstari wa juu kwenye kivinjari, anwani yote itatokea, ivute kwa kidole mpaka uone mkwaju. Kiungo kikija WhatsApp, usikiguse kwa pupa. Bonyeza na ushikilie, kinakili, kibandike mahali ukisome. Kwenye kompyuta weka kishale cha mausi juu ya kiungo bila kubonyeza, utazame kona ya chini kushoto. Maandishi yanaweza kusema "Pasipoti" na kiungo kikaenda kwingine kabisa.

Naonyeshwa saa. Sawa, mengine kwa kukimbia. Bando huuzwa kwa baiti, kasi hutangazwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane: Mbps 8, yaani megabiti nane kwa sekunde, ni MB 1 kwa sekunde, kwa hiyo GB 1 ni kama dakika kumi na saba mkifika kasi hiyo, nanyi hamfiki. Hapa mpakani simu hurukia mnara wa Kenya na kula salio: zima roaming ya data, halafu kwenye mipangilio ya mtandao uchague opereta mwenyewe. Kafe: kufunga dirisha siyo kutoka kwenye akaunti, bonyeza kutoka, kisha futa nakala ya kitambulisho uliyoiacha kwenye folda ya vipakuliwa. Nenosiri tuliache, linataka siku yake.

Toeni simu, andikeni hizi tatu. Msizifungue, zisomeni tu.

https://passports.go.ug/
https://passports.go.ug.huduma-haraka.com/
https://passports-go.ug/

Ya kwanza, kidole kwenye mkwaju, rudini: ug, go, passports. Vizuri. Ya pili, afande? Com. Huduma-haraka. Vizuri sana. Ya tatu inaishia na ug, haina com popote, na mama wa pale dirishani anasema ni ya serikali. Mama, hesabu nukta.