Mteja Anaandika Nini Akitafuta Korosho Zako?

Shikamooni wakubwa zangu. Wengine, mambo vipi? Nimeambiwa wengi humu ukumbini mnauza korosho zilizobanguliwa, na wachache ni wa vinyago. Nitaanza na korosho, maana Mtwara ukianza na kingine watu hawakuelewi.

Kuna duka moja la mtandaoni la hapa mkoani nimelipitia wiki hii. Pakiti inavutia, picha safi. Juu ya picha pameandikwa "Bidhaa 07". Chini yake: "Bora kwa bei poa, karibu sana." Sasa niambieni, nani kule Dodoma atashika simu yake aandike "Bidhaa 07"? (Kicheko.)

Roboti ya Google, yaani programu yake, hupita kwenye kurasa, ikasoma yaliyoandikwa na kuyahifadhi. Mtu akiuliza, Google inachambua yale iliyohifadhi. Neno ambalo hukuliandika, usitegemee likuletee mteja.

Kwa hiyo kichwa cha ukurasa kiseme: "Korosho nzima W240 za kukaanga, gramu 500, kutoka Mtwara". Jina la duka lije mwisho, kwa sababu kichwa kikiwa kirefu Google hukikata mkiani.

Hapo kwenye W240 tusimame kidogo. Ninyi mnajua ni korosho nyeupe nzima zisizozidi 240 kwa ratili, na kwamba W320 ni ndogo kuliko hizo. Mnunuzi wa hoteli naye anajua, na anaandika hivyo hivyo. Lakini mama anayetafuta za sikukuu hajui habari za W. Yeye anaandika "korosho kubwa nusu kilo bei gani". Ukurasa wako uwajibu wote wawili: daraja kwenye kichwa, na ndani useme kwa Kiswahili cha sokoni kwamba ni zile kubwa, nzima, hazina vipande.

Maelezo mengine mnayo tayari mifukoni. Fungua WhatsApp ya biashara, soma wateja wanauliza nini. Zina chumvi? Zinakaa muda gani? Mnatuma Mwanza kwa basi? Yaandike maswali hayo na majibu yake kwenye ukurasa wa bidhaa. Hayo ndiyo maneno ya wanunuzi wenyewe, na hakuna fundi wa tovuti atakayekutungia bora kuliko hayo.

Msinakili maelezo ya msambazaji. Google ikikuta kurasa kumi zenye maneno yale yale, kwa kawaida huonyesha mmoja, na huenda usiwe wako. Wala msirundike "korosho korosho korosho" mstari mzima. Hiyo inahesabiwa hila. Kuna na mafundi wanaotoza hela kujaza maneno muhimu ya siri kwenye msimbo wa ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Hela hiyo kanunulie pakiti.

Bei iandikwe. "Bei njoo inbox" inamchosha mteja, na roboti haiji inbox. Tena mwambieni fundi aweke alama za schema.org, yaani maandishi ndani ya msimbo yanayoiambia Google hii ni bei, hili ni jina la bidhaa, zilizoanzishwa 2011 na Google, Bing na Yahoo, ili bei iweze kuonekana kwenye matokeo hata kabla mtu hajabofya. Picha zipunguzwe uzito, watu wanakula bando. Faili iitwe korosho-nzima-w240, siyo IMG na tarakimu, na picha iwe na maandishi mbadala, yaani maneno machache kwenye msimbo yanayoeleza picha inaonyesha nini.

Wa vinyago, ninyi kila kipande ni cha peke yake, kwa hiyo kila kipande kina ukurasa wake. "Kinyago cha Kimakonde, mpingo, mtindo wa ujamaa", kisha urefu, uzito, na kimechongwa wapi. Mgeni wa Ujerumani haandiki "kinyago", basi mtengenezeeni ukurasa wa pili wa lugha anayoitumia, wenye anwani yake ya mtandaoni.

La mwisho ni hili linalofanyika kila msimu ukiisha: mzigo umekwisha, mtu anafuta ukurasa. Watu walioutumiana wanakuta kosa, na msimu mpya unaanza upya kabisa, Google haikujui. Uache ukurasa na anwani ile ile, andika "Zimeisha, mzigo mpya baada ya mavuno", weka namba ya kuagiza mapema. Kinyago kikiuzwa, kiachie picha na viungo vya kubofya vya kwenda kwenye vinyago vinavyofanana nacho.

Haya, toeni simu. Dada wa pale mbele, tuanze na duka lako: soma kichwa cha bidhaa ya kwanza kwa sauti.