Rufaa Imeandikwa, Mtoto Alifika?

Ndugu walimu, wanasihi na maafisa ustawi wa jamii, nimeombwa nizungumzie programu za mtandaoni zinazofuatilia huduma wanazopata vijana shuleni: unasihi, afya, masomo ya ziada, shughuli za jioni. Naomba nianze na kisanduku kimoja kidogo kwenye skrini.

Mnasihi amekaa na binti wa miaka 14. Ubao hauoni vizuri, kichwa kinamuuma kila siku, alama zinaporomoka. Mnasihi anafungua ukurasa wa binti, anachagua "rufaa: kliniki ya macho", yaani kumwelekeza akapimwe macho huko, anaweka tarehe, anahifadhi. Kisanduku cha hali ya rufaa kinasomeka "imetumwa". Wiki sita baadaye bado kinasomeka "imetumwa". Alifika? Alipimwa? Miwani alipata? Ripoti ya muhula imeshamhesabu miongoni mwa waliohudumiwa, na ubao bado hauoni.

Kuandika rufaa, hata daftari linaweza. Ambacho daftari halikiwezi ni kumshtua mtu. Programu iliyopangwa vizuri haikubali rufaa ifungwe mpaka mtu aandike kilichotokea: alifika, alikataa, amehama, anasubiri zamu. Siku 14 zikipita kimya, jina la mtoto linapanda juu kabisa ya orodha anayokutana nayo mnasihi asubuhi. Nikiambiwa nichague kipengele kimoja tu, nachukua hicho, michoro yote ya rangi niiache.

Kuzipeleka huduma hizi shuleni ni wazo la siku nyingi. Huko Marekani, jimbo la New Jersey lilianza mpango wake mwaka 1987, na Kentucky ikaanzisha vituo vya familia na vijana kupitia sheria yake ya elimu ya mwaka 1990. Shabaha ilikuwa mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi. Lakini muuguzi akiwa na daftari lake, mnasihi lake na mwalimu wa jioni lake, mtoto anazungushwa vilevile, humo humo ndani ya uzio wa shule, akisimulia jambo lile lile linalomuuma kwa watu watatu. Ukurasa mmoja unaofunguka kwenye kivinjari chochote unampunguzia mzigo huo.

Sharti ukurasa uwe mmoja kweli. Nimewahi kukaa na orodha ya wanafunzi tukakuta Mohamed, Muhammad na Mohammed, watoto watatu kwenye mfumo, kijana mmoja darasani. Mahudhurio yake yalikuwa yamegawanyika vipande vitatu, na kila kipande kilimwonyesha kama mtoro. Kijana alikuwa anakuja kila siku! Tangu hapo nasisitiza: mtafuteni mtoto kwa namba yake ya usajili, jina lije baadaye. Na msichanganye idadi ya watoto na idadi ya mahudhurio. Mahudhurio 300 yanaweza kuwa ya watoto 30 waliokuja mara kumi kumi.

Sasa siri za watoto, na hapa sitaki tupite haraka. Mwalimu wa michezo anahitaji kujua kwamba kijana ana pumu. Maelezo ya kikao chake cha unasihi hayamhusu. Kila mtumiaji awe na nenosiri lake, aone kinachohusu kazi yake tu, na mfumo uandike nani alifungua nini, saa ngapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za mwanawe, na haki hiyo humhamia mwanafunzi akifikisha miaka 18. Wazazi hawachezewi katika hili. Shirika la inBloom lilianza kazi huko mwaka 2013, likiwa na ufadhili wa dola milioni 100 hivi, ili kuhifadhi data za wanafunzi. Wazazi waliuliza nani ataziona data hizo, hawakuridhika na majibu, na mwaka 2014 shirika likatangaza kufunga shughuli zake. Kwa hiyo mwiteni mzazi kabla ya kuandika chochote, mwonyesheni skrini yenyewe, ndipo mwombe ridhaa yake.

Mkirudi kazini, tengeni dakika 15 kila Ijumaa. Fungueni orodha ya rufaa zilizo wazi, msome jina moja moja kwa sauti, na kwa kila jina mtu mmoja aseme, "Huyu nitamfuata mimi."