Nani Aliiangalia Molekuli?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Juma, leo hunitoki. Kila nikiuliza habari za elektroni naambiwa: ukiiangalia ni chembe, usipoiangalia ni wimbi. Inajuaje kama naiangalia?

JUMA: Haijui, dada. Hilo neno "kuangalia" ndilo linalotupoteza. Tuanzie Japani, mwaka 1989. Akira Tonomura na wenzake, kwenye maabara ya Hitachi, walichukua hadubini ya elektroni, katikati wakatega uzi mwembamba mno wenye chaji ya umeme. Elektroni ina njia mbili: kushoto kwa uzi au kulia. Wakazipunguza hadi zikawa zinapita moja moja. Moja inatua kabla nyingine haijatoka.

ZUHURA: Basi haziwezi kusukumana.

JUMA: Kabisa. Na kila moja ikitua inaacha nukta. Nukta kamili, si ukungu, kwa hiyo hapo unaona chembe. Umewahi kutazama matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi? Moja huku, moja kule, bila mpango. Nukta za mwanzo zilikuwa hivyo hivyo. Zilipofika maelfu kwa maelfu, Zuhura, ikajitokeza milia! Mstari umejaa nukta, unaofuata karibu mtupu, halafu umejaa tena.

ZUHURA: Kama mawimbi yakikutana. Hapa yanainuana, pale yanazimana.

JUMA: Hapo hapo. Na kila elektroni ilisafiri peke yake! Maana yake wimbi la kila moja lilipita pande zote mbili za uzi. Picha zile nimezitazama mara nyingi, na bado zinanisisimua.

ZUHURA: Sasa nikiweka kitambuzi upande wa kushoto?

JUMA: Milia inapotea. Ila usifikirie jicho. Ili njia ijulikane, lazima kitu kikutane na elektroni, hata kama ni mwanga tu, kiondoke na alama kwamba imepita huku. Alama ikishakuwepo, milia hakuna, isomwe isisomwe.

ZUHURA: Isisomwe? Hapo bado sijakubali.

JUMA: Twende Vienna, 2004. Kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt lilirusha molekuli za atomi 70 za kaboni kupitia nyufa nyembamba. Nazo zikatoa milia, jambo ambalo kwangu ni ajabu tupu, maana molekuli kama hiyo ni jitu mbele ya elektroni. Kisha wakazipasha moto kwa leza kabla hazijaingia. Si unajua kaa la moto linavyong'aa? Molekuli nazo zikawa zinatoa mwanga njiani, mwanga unaobeba habari ya mahali ulipotokea. Hakuna aliyeunasa. Lakini kadiri walivyozidisha moto ndivyo milia ilivyofifia, kidogo kidogo, mpaka ikaisha.

ZUHURA: Kwa hiyo hata maabara ingekuwa haina mtu?

JUMA: Haina mtu, mlango umefungwa, watafiti wote wamelala. Milia ingefifia vilevile.