Kumpigisha mswaki mtoto wa miaka 2: mkao, kiasi cha dawa, na kile kigozi cha mdomo wa juu

Haya, habari zenu wazazi wenzangu, karibuni tena. Leo tupo kwa kaka yangu hapa Kirumba, Mwanza. Huyu bwana asiye na shati ndiye mtoto wa kaka, ana miaka 2 na kidogo, na anayeshika simu ni mama yake, wifi yangu. Wifi, wasalimie. Haya, ameona aibu.

Vifaa. Mswaki mdogo, brashi laini. Hii nauza mwenyewe sokoni Makoroboi, lakini kama unao mlaini nyumbani tumia huo huo, sitanuna. Dawa ya meno iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze: geuza boksi, soma yale maandishi madogo, tafuta kipimo chake, 1000 ppm au zaidi. Zile zenye katuni na harufu ya stroberi, nyingine hazina floraidi hata chembe, umelipia katuni. Kitambaa safi. Tochi ya simu. Basi.

Kiasi cha dawa ni punje ya mchele. Moja. Akitimiza miaka 3 unaongeza iwe kama njegere. Kwenye matangazo ya televisheni wanajaza mswaki mzima kwa sababu wanauza dawa. Mimi nauza miswaki, kwa hiyo nasema bila woga.

Mkao: kaa mkekani, mlaze chali, kichwa chake mapajani mwako. Ukimsimamisha bafuni utayaona ya mbele tu, magego utayasikia siku yanauma. Wifi, umenikata kichwa. Pandisha. Hapo hapo.

Sasa hapa naomba utulivu. Nyanyua mdomo wa juu kwa kidole cha shahada. Mnakiona hiki kigozi chembamba cha katikati, kinachoshika mdomo na ufizi? Kifunike kwa kidole. Mswaki upite kushoto, utoke, uje kulia. Usivuke katikati! Ukikigonga hiki, kinauma kweli, na kesho mtoto akiuona mswaki tu atakimbilia soko la samaki la Mwaloni. Wengi wananiambia "mwanangu hapendi mswaki", ukichunguza, ni hapa alipogongwa. Kidole kwanza, ndipo mswaki. Kidole kwanza.

Viduara vidogo, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi. Magego juu, chini, nje, ndani... ameniuma, kawaida yake... na pale anapotafunia. Haya, huko tumema...

Ngoja. Wifi, leta tochi. Sogea. Usikate video, acha waone.

Mnaona haya mawili ya mbele, juu kabisa karibu na ufizi? Kuna mstari mweupe kama chaki. Nafuta kwa kitambaa. Umebaki. Kama ungekuwa maziwa au uji ungetoka. Huo ndio mwanzo wa jino kuoza, kabla halijawa kahawia, kabla halijatoboka. Hatua hii bado inaweza kurudi nyuma, kwa mswaki, floraidi na kupunguza sukari. Likishatoboka halijizibi.

Eti wifi anasema si ni meno ya utoto tu, yatatoka. Ya mbele ndiyo, kuanzia miaka 6 hivi. Lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Likioza akiwa na miaka 3, piga hesabu atalala nalo usiku mingapi. Kliniki za binafsi wanahesabu kwa jino: kuziba bei yake, kutibu mzizi bei nyingine ya juu zaidi, na mtoto mwenye meno mengi mabovu huenda akahitaji kulazwa usingizi ndipo afanyiwe kazi. Kwenye vituo vya serikali, sera inasema walio chini ya miaka 5 hawachangii matibabu. Lakini nauli utalipa, na genge utafunga siku nzima. Kwa hiyo wifi, Jumatatu hospitali ya Sekou Toure, idara ya kinywa na meno, hajalia bado. Mwambie daktari umeona weupe kwenye meno, karibu na ufizi.

Na ile chupa ya uji wa sukari anayolala nayo, leo mwisho. Usingizini mate hupungua, na mate ndiyo yanayosuuza meno. Akishapigwa mswaki wa usiku, maji matupu. Ndiyo, hata akilia. Bibi yake naye aambiwe.

Jambo lingine kabla sijasahau, maana huku Kanda ya Ziwa bado lipo: mtoto mchanga akiharisha, ufizi umevimba, mtu akakwambia ana "meno ya plastiki" anataka kuyachimbua, chukua mtoto ondoka. Anachokiona ni chonge zinazojiandaa kuota. Kuhara kunatibiwa zahanati.

Tumalizie. Anatema, hasukutui, ili floraidi ibaki. Asubuhi tena. Na msimwachie mswaki peke yake mpaka miaka 7 au 8, mmalizie nyie.

Dada yake ana miaka 6, gego la kudumu limeota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi hudhani ni la utoto na kulipuuza. Huyo tutamrekodi video ijayo, akikubali kutoka chini ya kitanda.