Treni ya stima na mlima wa Mau

Haya, wale mko nyuma sogeeni, viti viko.

Mimi nimelelewa Muhoroni, na kitu sijawahi kusahau ni gari moshi likishuka usiku, breki zinalia wee mpaka harufu ya chuma moto inatufikia kwa miwa. Sasa huo moto ndio maneno yangu ya leo, kwa sababu ile ni nguvu ilikuwa inamwagwa bure.

Angalieni reli yetu. Ilifika hapa Kisumu Desemba 1901, enzi hizo panaitwa Port Florence, na ukitoka Nakuru inapanda Njoro, Molo, mpaka Mau Summit zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, halafu inaporomoka hadi ziwani, mita kama 1,130. Treni ya dizeli inachoma mafuta kupanda, ikishuka inageuza ile nguvu yote kuwa joto. Ya stima, yaani umeme, ikishuka mota zake zinageuka jenereta, stima inarudi kwa waya, na treni nyingine inayopanda upande wa Molo inaichukua, yaani inayoshuka inamvuta mwenzake!

Na si mlima tu. Kule California, Caltrain ya San Francisco na San Jose walitoa dizeli Septemba 2024, na treni inayosimama kila stesheni ikatoka dakika 100 hadi 77. Mwendo wa juu kabisa ni uleule, msidhani inakimbia kuliko zamani, ni vile mota ziko chini ya mabehewa mengi badala ya injini moja kuburuta wote, kwa hivo ikitoka stesheni inashika mwendo saa hiyohiyo. Watu wa Kibos na Chemelil mnanielewa, kwa sababu treni ikiwa nzito kuondoka ni stesheni ndogo zinarukwa kwanza.

Najua waya ni ghali, volti 25,000 si mchezo, na mahandaki lazima yawe na nafasi juu. Lakini Tanzania wameweka, tangu 2024 Dar mpaka Dodoma ni chini ya saa nne kwa treni ya stima. Sisi reli yetu mpya, SGR iliyoanza 2017, ni dizeli, mafuta ya kuletwa na meli, na inafika upande wa Naivasha, karibu na Olkaria ambapo mvuke wa kutengeneza stima unatoka ardhini usiku na mchana! Hii inaniuma kabisa.

Kwa hivo wakija kwa baraza na ramani ya reli ya kuja huku, msiulize stesheni itajengwa wapi peke yake, ulizeni nguzo za waya ziko wapi kwa hiyo ramani, na kama hazipo, mahandaki yamepimwa yakiacha nafasi yake ama tutakuja kuyachimba tena.

Mzee, uliinua mkono kitambo, uliza.