Haidrenjia za Porini: Acha Kutafuta Ua, Tafuta Bonde

Haya jamani karibuni, wa nyuma sogeeni mbele kidogo, nimekuja na matawi na sitaki kupiga kelele.

Mtu akisema haidrenjia wengi wetu tunawaza yale maua makubwa ya duara, ya bluu au pinki, yanayopandwa bustanini kwenye sehemu za baridi kama Lushoto au Limuru. Yale asili yake Japani. Huku mashariki mwa Marekani kuna ya kwao, Hydrangea arborescens, inajiotea yenyewe msituni kuanzia New York kusini mpaka huko Georgia na Alabama, na ukiingia msituni unatafuta lile dude la duara utaipita hivi hivi hujaiona.

Mimi nasema ua liache kwanza, tafuta sehemu. Shuka bondeni, fuata kijito, angalia ule ubavu wa mlima unaotazama kaskazini ambao jua haliupigi sana, penye mawe na udongo mweusi wenye unyevu. Kule kwenye milima ya Great Smoky hata barabara iliyochongwa mlimani inatosha, unaikuta imeinamia mtaro. Kilimani pakavu usijisumbue.

Ukifika anza na majani. Yanakaa mawili mawili yakitazamana, mapana, kingo zina vijino. Geuza jani, kama chini ni jeupe kama limepakwa chokaa basi hiyo ni nduguye, Hydrangea radiata, ya milima ya Carolina. Halafu shika shina la zamani, gome linabanduka lenyewe, tabaka jembamba, chini yake lingine, na rangi inabadilika kidogo.

Maua ni Juni na Julai. Shada bapa la vijiua vidogo vyeupe, hivyo ndo vyenye kazi, nyuki wanajaa hapo; pembeni kuna vichache vikubwa ambavyo havizai mbegu, na saa nyingine hakuna hata kimoja. La duara likitokea porini ni bahati tu, kama aina inayoitwa Annabelle, ambayo Harriet Kirkpatrick aliiona karibu na mji wa Anna, Illinois, mwaka 1910 akiwa juu ya farasi, na madukani haikufika mpaka miaka ya 60, muda wote huo majirani wanapeana tu vipande!

Ukikuta majani mawili ya kileleni yameshikana yamevimba usidhani ni ugonjwa. Yafungue taratibu, ndani kuna kiwavi wa kijani, kichwa cheusi, anatafuna kitumba cha ua. (Wewe usitafune chochote, mmea una sumu.)

Nani kauliza kuhusu kukata kipande ukapande kwako? Kwenye hifadhi ya taifa hairuhusiwi, nunua mche kwenye nasari ya miche, sio ghali. Na majira ya baridi pia usikae ndani, mashada makavu ya kahawia yanabaki kwenye matawi, kwahiyo hata Januari unaweza kuzijua zilipo, ukaweka alama kwenye ramani ya simu, Juni unaenda moja kwa moja.